Mgeni Kwenye Benchi: Malewa ya Goma

Malewa mengi ya Goma hayana kibao. Yana pazia jeupe mlangoni, sufuria kadhaa uani, na harufu ya mawese inayomfikia mtu kabla hajaiona nyumba yenyewe. Katika mitaa ya Birere, Majengo, Mabanga na Virunga, nyumba za mbao zimesimama juu ya mawe meusi ya volkano, nazo zimefanana kiasi kwamba mgeni hatambui lipi ni duka, ipi ni saluni na wapi panauzwa chakula. Ikifika saa sita mchana, tofauti hujitokeza yenyewe. Mbele ya mlango mmoja zimeegeshwa pikipiki tano au sita, na milango ya jirani iko kimya. Hapo ndipo pa kuingia, maana dereva wa pikipiki hali mahali pabaya mara mbili.

Malewa ni mgahawa wa mtaani, mara nyingi wa mwanamke mmoja anayesaidiwa na binti zake au wadogo zake. Aliyezoea mama ntilie wa Tanzania au vibanda vya chakula vya Kenya atatambua mengi: jiko la mkaa, vyakula vitatu au vinne visivyoandikwa popote, mpishi anayemkumbuka kila mteja kwa kile anachopenda. Kitakachomshangaza ni namna ya kukaa. Hakuna viti vya mtu mmoja mmoja. Kuna meza ndefu ya mbao, benchi huku na benchi kule, wala hakuna pembe ya kujitenga. Anayeingia hukaa bega kwa bega na mtu asiyemjua, na kabla hajamaliza kunawa mikono, huwa amekwisha kuulizwa habari zake.

Niliingia Goma, mashariki mwa Kongo, nikitokea Mwanza, katikati ya mwaka 2024, mji ukiwa umebanwa kila upande. Tangu Februari mwaka huo mapigano yalikuwa yameikata barabara ya Sake, mji mdogo ulio magharibi, mwendo usiofika kilomita 30. Barabara ya kaskazini, ya Rutshuru, ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu 2022. Viazi vya Masisi na maharage ya Rutshuru, ambavyo ndivyo vilivyoulisha mji huu miaka nenda rudi, vilipungua sokoni na bei yake ikapanda. Kambi za waliokimbia makwao zilikuwa zimejaa kuanzia Kanyaruchinya hadi Bulengo, na mwezi Mei mabomu yalikuwa yameangukia kambi za upande wa Mugunga. Katika hali hiyo mtu angetazamia kukuta watu wamejifungia, kila mmoja akilinda unga wake.

Malewa niliyoyazoea yako karibu na soko la Virunga. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni, nikaona benchi zote mbili zimejaa, nikageuka niondoke. Sauti ikatoka nyuma ya sufuria: "Mumuachie nafasi, mugeni akule." Wanaume wanane wakasogea bila kunyanyua macho kutoka kwenye sahani zao, na pengo la kutosha mtu mmoja likapatikana. Binti wa miaka kama kumi na miwili akaja na jagi la maji na beseni, akanimwagia mikononi, akasubiri ninyanyue vidole ajue nimemaliza.

Kisha yakaja maswali. Kwa mama ntilie wa Mwanza swali la kwanza ni chakula: ugali au wali, samaki au maharage? Mama huyu wa Goma, mwanamke wa makamo aliyejifunga kitenge cha kijani na kitambaa kichwani, alianza kwingine. "Ulilala wapi? Nani alikupokea?" Nikamtajia nyumba ya wageni niliyofikia. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba nyumba ya wageni haihesabiki, kwani hakuna ndugu pale. Akauliza kama mama yangu yu hai na kama anajua niko Goma. Aliporidhika ndipo alipotaja kilichomo jikoni: "Kuko sombe, kuko maharagi, kuko makayabu. Fufu iko ya moto."

Aliposikia natoka Mwanza alicheka, akachota kipande cha makayabu na kukiweka kwenye sahani yangu juu ya sombe niliyoagiza. Yule ni sangara wa Ziwa Victoria, aliyekaushwa kwa chumvi. Katika soko la Mwaloni, Kirumba, wafanyabiashara wa Kongo wamekuwa wakinunua kwa miaka mingi samaki huyo, anayeitwa kayabo upande wetu, pamoja na magunia ya dagaa, na mzigo husafiri hadi kwenye miji ambayo wengi wetu wa Mwanza hatujaiona. "Ulituma samaki mbele," mama akasema, "sasa umefika mwenyewe." Benchi zima likacheka. Kuanzia pale nikawa "mutoto ya Tanzania", na mtu yeyote aliyeingia baada yangu alitambulishwa hivyo.

Utambulisho huo una kazi. Mezani pale kila mtu hupewa nafasi yake katika ukoo: kuna papa, kuna mama, kuna yaya, yaani kaka au dada mkubwa, kuna mdogo. Mdogo hupitisha maji na pilipili. Mkubwa hupakuliwa kwanza. Yaya anaweza kukukemea ukila haraka mno, nawe utanyamaza. Kijana mmoja wa chuo kikuu, aliyekuwa na daftari zake kwenye mfuko wa plastiki, aliagizwa na mzee asiyemfahamu aende dukani kumnunulia vocha ya simu, akaenda, akarudi na chenji, akaendelea kula. Hakuna aliyeona ajabu. Nilimuuliza baadaye kama wana undugu. Hapana, alisema, ila yule ni papa wa hapa.

Papa wa hapa ni dereva wa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo Goma imeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Huchongwa kwa mti mgumu, hufungwa magurudumu madogo, na hubeba mamia ya kilo za mzigo. Mzee huyo, kabla ya vita kuifunga njia yake, alikuwa akiteremka na kabichi na viazi kutoka Kibumba, kwenye miteremko ya kaskazini, akiegemea mzigo wake kwa goti. Mwaka ule alikuwa akipandisha magunia kutoka ufukweni, na kupandisha ni kusukuma. Tonge lake la pili la fufu lilikuwa likiletwa bila kuagizwa na bila kuandikwa. Wakongo huiita nyongeza ya namna hiyo matabishi. Mama alinieleza kwamba matabishi ya papa aliyaanzisha siku alipomwona anatetemeka miguu wakati wa kunyanyuka kwenye benchi.

Sombe yenyewe inastahili kusimuliwa. Ni majani ya muhogo, kisamvu chetu, lakini yametwangwa hadi yakawa laini, yakachemshwa muda mrefu na vitunguu vya majani, kisha yakatiwa mawese mekundu na, pesa ikiwepo, karanga au ndagala, yaani dagaa. Mtu wa Pwani aliyezoea kisamvu cha nazi ataona ladha imekolea zaidi na mafuta yamebaki mdomoni. Fufu inayoliwa nayo huchanganywa unga wa muhogo na wa mahindi. Huvutika, tofauti na ugali wa dona. Mama hupima mchanganyiko kwa macho. Unga wa mahindi ukiwa ghali huongeza muhogo, na wateja hutambua bei ya soko kwa vidole kabla hawajaisikia kwa masikio.

Kula peke yako mahali pale ni kitendo kinachohitaji maelezo. Siku moja aliingia mwanamume aliyevaa vizuri, akaomba chakula chake kifungwe aende nacho ofisini. Mama alimfungia, lakini alimuuliza kwa sauti ya kusikika kama kuna aliyemkosea. Yule bwana alijieleza kwa urefu kuhusu mkutano wake, na alipoondoka, watu wa benchini wakaendelea kumjadili kwa huruma, kama mtu mwenye msiba. Nilifikiria vibanda vya katikati ya jiji la Mwanza siku hizi, ambako nusu ya chakula cha mchana huondoka ndani ya vyombo vyeupe vya kutupwa, na waliobaki wamekaa kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na simu yake. Chakula ni kizuri vilevile, na mama ntilie ni mkarimu vilevile. Ila kiti cha plastiki humruhusu mtu kuja na kuondoka bila kuulizwa mama yake anaendeleaje, na nadhani tumepoteza kitu pale bila kukusudia.

Ukitaka sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, unashuka Kituku. Hilo ni soko na bandari kwa pamoja, pembeni mwa Ziwa Kivu, na mwaka 2024 lilikuwa mdomo wa mji mzima. Barabara zilipofungwa, chakula cha Minova na cha sehemu nyingine za Kivu Kusini kilianza kuja kwa maji: mihogo, ndizi, maharage, mbuzi waliofungwa miguu, na abiria juu ya magunia. Oktoba 3 mwaka huohuo boti moja iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wakiwa ufukweni wanaitazama, na makumi ya abiria wakafa. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi kwa sababu barabara ile ya Sake ilikuwa imefungwa. Kila sahani ya maharage iliyoliwa Goma mwaka ule ilikuwa na safari hiyo ndani yake.

Asubuhi, kabla ya boti za mizigo, hufika wavuvi. Mitumbwi yao hufungwa mitatu mitatu kwa nguzo ndefu, na usiku kucha huwasha taa kuwavuta samaki juu, wakiimba ili wapige kasia kwa pamoja. Wanaleta sambaza, samaki wadogo wa rangi ya fedha ambao kwa mtu wa Mwanza ni dagaa tu. Sio dagaa wetu. Dagaa wa Ziwa Victoria ni wa jamii nyingine kabisa. Sambaza ni samaki wa Ziwa Tanganyika, ndugu wa wale wanaokaushwa Kigoma. Waliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji, kwa sababu maji ya katikati ya ziwa hili yalikuwa hayana samaki wa kuvuliwa kwa wingi. Samaki wakazoea. Leo hakuna mtu wa Goma anayeweza kuwaza ziwa lake bila wao, na wazee wachache tu ndio wanaokumbuka kwamba walihamia.

Karibu na mahali pa kutua, mwanamke mmoja hukaanga sambaza kwenye karai kubwa, juu ya mbabula, jiko la mkaa. Hana nyumba, ana mwavuli na benchi moja. Huwapaka chumvi, huwamwaga kwenye mafuta yanayotoa moshi, huwaopoa wakiwa wakavu, na huwapa watu kwenye kipande cha karatasi pamoja na limau na pilipili mbichi iliyopondwa. Wanaliwa wazima, kichwa na mkia. Mwanamke huyu alinikaribisha kwa namna tofauti na mama wa Virunga: alinipa kisu. Kulikuwa na rundo la vitunguu, wateja wanangoja, na mimi nilikuwa nimekaa bure. Nikakata vitunguu. Wavuvi waliokuwa wakila walianza kuzungumza nami baada ya hapo, na sio kabla.

Alilalamika kuhusu makala, yaani huo mkaa. Gunia lilikuwa limepanda bei, na sehemu kubwa ya makala ya Goma hutoka kwenye misitu ya Hifadhi ya Virunga, hifadhi ya kwanza ya taifa barani Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925. Nyuma ya mwanamke huyo, chini ya maji yale matulivu, ziwa limehifadhi gesi ya methani kwa mamia ya mita kwenda chini. Upande wa Rwanda, huko Karongi, gesi hiyohiyo inavutwa na kuzalisha umeme. Mwanamke wa karai amekaa hatua chache kutoka kwenye utajiri huo wa moto, na bado anapepea kaa kwa kipande cha boksi. Hilo linaniuma hadi leo.

Kwa nini watu hawa wanakaribisha hivi? Jibu rahisi ni kusema kwamba ndivyo Waafrika tulivyo, na jibu hilo halinitoshi, kwa sababu nimekula katika miji mingi ya Afrika ambako hakuna aliyesogea kwenye benchi. Goma ina sababu zake.

Mwezi Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia mji huu kwa siku chache, na kipindupindu kikaua kwa maelfu. Januari 17, 2002, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipasuka. Mto wa lava ulipita katikati ya mji hadi ziwani, ukafunika sehemu ya njia ya ndege na ukawaacha zaidi ya watu laki moja bila nyumba. Wakaaji wa Goma walivuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kisha ndani ya siku chache wakarudi na kuanza kujenga nyumba za mbao juu ya mawe ambayo yalikuwa bado na joto. Mawe hayohayo ndiyo sakafu za malewa ya leo. Mei 22, 2021, jioni ya Jumamosi, mlima ukatema tena. Siku tano baadaye, matetemeko yakiwa hayajatulia, serikali ya mkoa iliamuru wakazi wa mitaa 10 kati ya 18 waondoke. Karibu watu laki nne walitoka, kwa miguu, kwa pikipiki, kwa boti.

Mama wa Virunga alikuwa mmoja wao. Alitembea na wanawe hadi Sake. Hakuwa na ndugu Sake. Usiku wa kwanza walilala kwenye ukumbi wa kanisa. Asubuhi mwanamke mwenye malewa kando ya barabara aliwaona, akawaita, akawapa uji, na alipojua kwamba mwenzake ni mpishi, akamwonyesha sufuria. Walipika pamoja hadi ruhusa ya kurudi Goma ilipotoka. Hakulipwa wala hakulipa. "Alinipatia sufuria yake," aliniambia, na katika kusimulia kote hilo ndilo alilolirudia, kwa sababu mpishi hampi mtu yeyote sufuria yake.

Februari 2024 mwanamke yule wa Sake alifika mlangoni pake na wajukuu watatu. Nilimkuta pale. Alikuwa ndiye anayetwanga sombe, ameketi uani na kinu kati ya miguu, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Aliponisikia namuuliza mwenye nyumba kuhusu mambo ya 2021 aliingilia kati kusahihisha: ule haukuwa uji, ulikuwa viazi. Wakabishana hapo kwa muda mrefu, mmoja akishikilia uji na mwingine viazi, wateja wakigawanyika, na jambo halikuamuliwa.

Makaribisho haya yana mipaka yake. Benchi la Goma hukalisha Mnande wa Butembo, Mshi wa Bukavu, Mhavu wa Idjwi, Mhunde wa Masisi, pamoja na wazungumzaji wa Kinyarwanda ambao familia zao zimekuwa Kivu kwa vizazi, na vita vimewafanya watu wasikilize lafudhi ya jirani kabla hawajasikiliza anachosema. Nilishuhudia mchana mmoja kijana akipokea simu na kuzungumza Kinyarwanda. Mazungumzo ya benchini yalipungua. Mwanamume aliyekuwa mbele yangu akatamka neno ambalo sitaliandika. Mama akaacha mwiko. "Siasa iko inje," alisema, akionyesha mlango. "Hapa kuko fufu." Yule mwanamume akainama kwenye sahani yake, na kijana akamaliza kula, ingawa haraka kuliko alivyoanza, akalipa na kutoka. Sijui kama alirudi. Ninachojua ni kwamba mama alimwandalia sahani aliyoijaza kuliko za wengine, na kwamba jioni ile alimwambia yule mwanamume, mbele yetu, akitaka kusema maneno yale tena atafute meza nyingine. Kukaribisha mahali kama pale kunataka ubavu. Mtu anayedhani ni upole peke yake hajawahi kukaa pale mchana.

Kuna pia daftari. Linaning'inia kwa uzi kwenye msumari, karibu na picha ya Bikira Maria na kalenda iliyopitwa na wakati, na limejaa majina ya wenye madeni. Wengi huandikwa kwa kazi zao: wa moto (yaani wa pikipiki), wa makala, mwalimu. Deni la mwalimu lilikuwa refu kuliko yote, maana mshahara wa serikali huchelewa. Mama hudai mwisho wa wiki kwa anayepata pesa kila siku, na mwisho wa mwezi kwa wengine, na wapo anaowafuta. Hufuta kwa mstari mmoja wa kalamu, bila kumwambia mhusika, ili asione haya kurudi. Mtaji huupata kwenye likelemba, mchango wa zamu wa wanawake wa soko; zamu yake ikifika hununua gunia la unga na dumu la mawese, na malewa yanaendelea.

Biashara hii haiko salama, hata ukiweka vita kando. Upande wa Himbi, ufukweni, kuna hoteli zenye bustani na menyu za Kifaransa ambako bei huandikwa kwa dola na sahani moja hugharimu kama siku kumi za kula Virunga. Zilikua pamoja na mashirika ya misaada, na vijana wengi wapishi hutamani kuajiriwa huko, kwa haki kabisa, kwani kuna mshahara. Binti aliyeninawisha mikono alisema anataka kusomea unesi. Nilipomuuliza nani atakayeshika mwiko baada ya mama yake, alimtazama yule bibi wa Sake uani, kisha akasema kwamba wapishi hawakosekani Goma, kila vita inaleta wengine.

Wapo pia vijana wa kiume waliofungua malewa ya aina yao, wenye redio kubwa na mishikaki ya mbuzi, na pikipiki za kupeleka chakula maofisini. Nilikula kwa mmoja wao Majengo. Mbuzi alikuwa mzuri sana, ameiva polepole, amekatwa kwa shoka dogo juu ya gogo, na ndizi za kuchoma pembeni. Kijana alikuwa ameweka meza ndogondogo za watu wawili, kama alivyoziona Kigali. Wateja walikuwa wamezisogeza pamoja hadi zikawa meza moja ndefu, na kila jioni, alisema, huzitenganisha akifagia, na kila mchana wanazisogeza tena. Mwishoni mwa mwezi alikuwa na nia ya kumwita seremala atengeneze benchi.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma. Mapigano yaliua watu wengi, uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango yao, na kambi za waliokimbia zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Kwa wiki kadhaa simu ya mama wa Virunga haikupatikana. Kisha ukaja ujumbe wa sauti, mrefu, wenye mlio wa kinu nyuma yake, nami nilijua kwa mlio huo kwamba bibi wa Sake hajaondoka.

Alikuwa na habari nyingi na alizitoa kwa mpangilio wa mwenye biashara. Paa limetobolewa na risasi mahali pawili, limezibwa. Pesa hazionekani, noti zilizopo zimechakaa hadi watu wanazikataa, na hata wenye mshahara sasa wanaandikwa kwenye daftari. Nyama ameiacha, anapika sombe na maharage, na siku sambaza wakiwa wengi anawanunua Kituku. Papa wa chukudu anakuja bado. Mwalimu hajaonekana, na yeyote mwenye habari zake amjulishe. Hakusema lolote kuhusu watawala wapya, na mimi sikuuliza.

Halafu akageukia dagaa. Wale wa Mwanza wanaofika sokoni kwao, alisema, wana mchanga, wanauma meno, wateja wanalalamika. Nilimjibu kwamba hao ni wale wanaoanikwa chini, na kwamba Mwaloni wapo wanaoanikwa juu ya chanja, safi, ila bei yao iko juu kidogo. Jibu lake lilikuja kabla sijaweka simu chini. Nikija tena nilete wale wa chanja, kilo tano, nisimwachie mtu wa lori kwa sababu atawabadilisha. Atawapika siku moja na sambaza, sufuria mbili, watu wa benchi waonje waseme. Na nimwambie mapema nitakuja siku gani, ili papa asiende Kituku siku hiyo.